Posho ya Kampala si posho ya Bukoba

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama kusafiri mara kwa mara kunamwondolea mtu ugeni. Kunamwondolea, ila si kwa wingi wa mihuri kwenye pasipoti. Ugeni humtoka anayerudia njia ile ile na kituo kile kile mpaka vitu vidogo visimshughulishe tena. Shida ni kwamba akishafika hapo, anaacha kutazama.

Chukueni Busia, takriban kilomita 200 kutoka Kampala. Siku hizi mpaka ule ni kituo cha pamoja: anayekwenda Kenya hashughulikiwi upande wa Uganda, bali maofisa wa nchi zote mbili humhudumia ndani ya jengo moja, upande wa Kenya. Dirisha la kwanza ni la kutoka, la pili la kuingia. Mgeni hugongewa muhuri wa kwanza, akaona wenzake wanaelekea nje, naye akawafuata. Siku hiyo hakuna anayemsumbua. Mambo huharibika siku ya kurudi, ofisa akifungua kurasa na kukosa muhuri wa kuingia. Mzoefu hukagua mihuri yote miwili kabla ya kuondoka dirishani, na namba ya basi ameshaikariri, maana usiku mabasi ya rangi moja hupanga mstari na dereva hamsubiri aliyepotea.

Upande wa chakula, ugeni huisha haraka zaidi. Katika vibanda vya Kampala mtu huagiza mchuzi: nyama, maharage, au binyebwa, yaani karanga za kusaga. “Chakula” hufuata chenyewe kwenye sahani hiyo hiyo: matoke, posho, wali, viazi vitamu, kipande cha mhogo. Bei ni ya mchuzi. Mtu wa Dar anayeanza kwa “nipe wali” huulizwa “na nini?”, kisha huduwaa sahani ikija na vitu vinne asivyoviagiza. Safari ya tatu anasema “binyebwa, usiweke posho,” na mhudumu haangalii mara mbili.

Lakini neno hilo hilo posho, ambalo kwetu ni ugali, ukivuka mpaka wa Mutukula kwenda Bukoba, Tanzania, ni pesa ya kujikimu ya mfanyakazi. Teksi nayo: Kampala ni gari la abiria 14 linalojazwa kwenye steji, Nairobi ni gari dogo unalokodi peke yako, kwa bei ya peke yako. Lugha inayofanana hukosesha kuliko lugha ngeni kabisa, kwa sababu mtu haulizi anachodhani anakijua. Mazoea yana taabu, walisema wazee.

Rwanda ndiko mazoea ya Kampala huadhibiwa hasa. Ukipita Katuna magari yanahamia kulia, kwa hiyo anayevuka barabara huanza kutazama kushoto. Shingo iliyozoea Kampala hugeukia kulia kwanza. Saa ya Kigali iko nyuma kwa saa moja: basi la saa tatu asubuhi kule ni saa nne huku. Simu hujibadilisha yenyewe, lakini karibu na mpaka hunasa mnara wa upande wowote, basi saa inarukaruka. Fuateni saa iliyo ukutani kituoni. Na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, muiache nyumbani: Rwanda iliipiga marufuku 2008, Kenya 2017, Tanzania 2019, ilhali dukani Kampala bado unafungiwa mkate ndani yake bila kuomba. Mkoba wa kitambaa hauna mpaka.

Kuhusu pesa, ya Kenya haimdanganyi mtu, kwa kuwa shilingi moja yao huwa karibu na 28 zetu na tofauti inaonekana kwa macho. Ya Tanzania ndiyo hukamata wazoefu. Sifuri zinafanana na zetu, lakini ina thamani zaidi, na 10,000 yao inakaribia 14,000 yetu. Mtu anayelipa kwa mazoea huona bei ni nafuu mpaka jioni anapohesabu. Zigawe noti katika mifuko miwili kabla ya kushuka garini, na ukiuliza bei, igeuze kwanza ndipo uanze kupatana.

Msomaji wenu, Kampala