Kutoka riwaya hadi skripti: mtazame Sembène

Mkuu, umeuliza kama mtu aliyezoea riwaya anaweza kuandika skripti ya filamu, au itabidi aanze upya, na kwamba sura tatu unazo tayari. Nimepita humo. Utaanza upya.

Hadithi yangu iliyokuwa ikitoka gazetini kila wiki ilimvutia prodyuza mmoja, akataka niigeuze filamu. Nikampelekea kurasa mia na ushee. Akafungua katikati, akaweka kidole: "Hapa huyu mama anakumbuka utoto wake Pangani. Sasa kaka, kamera niielekeze wapi?" Nikabaki namtazama. Filamu haikutoka na hela sikuiona, ila lile swali ninalo mpaka leo.

Aliyenijibu, kwa kazi zake, ni Ousmane Sembène wa Senegali, mwandishi wa riwaya aliyegeukia filamu. Kazaliwa Ziguinchor 1923, baba mvuvi, shule ikamshinda mapema kwa kuzipiga na mwalimu mkuu. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia akaenda Marseille, Ufaransa, kubeba mizigo bandarini. Riwaya yake ya kwanza, 1956, inahusu kuli mweusi wa bandari hiyohiyo. Ya 1960, ya mgomo wa reli ya Dakar–Niger wa 1947 na 1948, ndiyo iliyompa jina hasa.

Wengi wangetulia hapo. Yeye aliona anaandika Kifaransa, na makuli na akina mama wa sokoni anaowaandika hata jalada hawalisomi. Basi akiwa anakaribia miaka 40 akaenda Moscow kusomea filamu. Mwaka 1963 akaja na Borom Sarret, dakika kama 20 tu, ya mwendesha mkokoteni wa farasi jijini Dakar.

Ila wewe tafuta Mandabi ya 1968, aliyoitoa kwenye hadithi yake mwenyewe. Mzee Ibrahima Dieng anatumiwa hawala ya faranga 25,000 na mpwa wake aliyeko Paris. Posta wanataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, na tarehe yenyewe mzee haijui vizuri. Huku mtaa mzima umeshasikia ana hela, wanakuja kukopa. (Aliyewahi kuzungushwa na makaratasi atacheka kwa uchungu.)

Angalia inavyoanza: kinyozi anamnyoa Dieng nje, kisha anaingiza wembe mpaka puani. Kamera iko karibu kabisa. Mzee katulia kama sultani. Kazi hana, wake wawili na watoto kibao, na heshima yake yote umeshaiona kwenye zile pua. Mimi ningemaliza ukurasa mzima. Halafu wanaongea Kiwolof, kwa hiyo kuli wa Dakar hahitaji kutafsiriwa.

Na riwaya hakuacha. Xala ni kitabu cha 1973 na filamu ya 1975. Ceddo ya 1977 ilizuiwa kwao: serikali ya Rais Senghor, naye mshairi, ilitaka jina liandikwe kwa d moja. Sembène akagoma kuifuta d ya pili. Ya mwisho, Moolaadé, aliitoa 2004 akiwa na miaka 81, miaka mitatu kabla hajafariki.

Chukua sura yako moja. Futa kila "aliwaza", "alikumbuka", "alihisi". Kitakachobaki kibandike hapa, nitakisoma.