Kupiga picha maji na ndege safarini kwa shata ya polepole

Mto, mawimbi, majani na mabawa havitulii, lakini kamera iliyowekwa kwenye 1/500 ya sekunde huvigandisha karibu vyote kwa namna moja. Kama unataka picha za safari zisizofanana na za kila aliyepita pale kabla yako, shughulikia kwanza muda wa shata, yaani muda ambao kamera hubaki wazi kupokea mwanga. Lenzi mpya inaweza kusubiri.

Kwenye maporomoko ya maji, anza na 1/4 ya sekunde. Hapo maji bado yana nyuzinyuzi, na macho yanaweza kufuata yanakoelekea. Kwenye sekunde 1 au 2 hulainika. Ukipita sekunde 10, hugeuka ukungu mweupe usio na umbo, na wengi huishia huko kwa sababu tu filta yao nyeusi, kioo cha mbele ya lenzi kinachopunguza mwanga, inawaruhusu. Kwa maporomoko ya kawaida, nusu sekunde hushinda sekunde 30 karibu kila mara. Muda mrefu uwekee ziwa au bahari yenye viwimbi vidogo, maana huko ndiko ukungu huo hugeuka utulivu.

Ufukweni, bonyeza wakati wimbi linarudi. Povu linalovutwa na maji huchora michirizi kwenye mchanga ndani ya nusu sekunde hadi sekunde 1. Wimbi linapokuja, povu huwa limetapakaa tu na picha haina mwelekeo.

Mchana hutafikia muda huo bila filta nyeusi. Nguvu yake hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja hupunguza mwanga kwa nusu: filta ya stopu 6 hugeuza 1/60 ya sekunde kuwa takriban sekunde 1, na ya stopu 10 huipeleka takriban sekunde 17. Usijaribu kukwepa filta kwa kufunga tundu la lenzi hadi f/22. Mwanga hupinda unapopita kwenye tundu dogo kiasi hicho, picha nzima hupoteza ukali, na kila kijivumbi kilicho kwenye sensa (sehemu ya ndani ya kamera inayonasa picha) huonekana kama doa angani. Baki kati ya f/8 na f/11.

Utaratibu ni huu. Panga picha na ulenge bila filta, kisha hamisha ulengaji uwe wa mkono, kwa sababu nyuma ya filta ya stopu 10 kamera huhangaika kutafuta pa kulenga. Pima mwanga, piga hesabu ya muda mpya, funga filta bila kugusa pete ya kulengea, halafu bonyeza kwa kutumia kichelewesho cha sekunde 2. Muda ukizidi sekunde 30, tumia hali ya shata kubaki wazi (Bulb) pamoja na rimoti. Kamera yenye kioo cha ndani (DSLR) izibe kitundu cha kuchungulia, la sivyo mwanga wa nyuma utapenya na kuharibu picha. Piga faili ghafi (RAW), maana filta nyingi huacha rangi ya ubuluu au ukahawia, na kwenye faili ghafi rangi hiyo hurekebishika kwa urahisi.

Picha ikitoka na ukungu mahali pasipotakiwa, kosa mara nyingi liko kwenye tripodi. Mchangani, kandamiza kila mguu mpaka uache kuzama, na usibonyeze wakati maji yanaupitia, kwa sababu huondoa mchanga chini yake. Nguzo ya katikati iwe ya mwisho kabisa kuinuliwa. Mkanda wa kamera uvue, upepo huupeperusha kama bendera. Lenzi yenye kituliza mtikisiko ni vyema kuizimia kituliza hicho ikiwa juu ya tripodi.

Ndege ni kazi nyingine kabisa, ya mkono. Weka 1/60 ya sekunde kwa ndege mkubwa anayepiga mabawa taratibu, kama korongo. Ukizoea, shuka hadi 1/30. Anza kumfuata kwa kamera kabla hajafika mbele yako, geuka kuanzia kiunoni, na uendelee kugeuka hata baada ya shata kufunga. Apite sambamba nawe: akija kwa mshazari, umbali wake hubadilika na kichwa hutoka na ukungu. Nyuma yake pawe na miti au matete, kwa sababu anga tupu haiachi michirizi yoyote. Katika fremu 50, kupata 2 nzuri ni kawaida, kwa hiyo usikate tamaa mapema.

Kuhusu safari yenyewe: asubuhi 3 mahali pamoja zina faida kuliko asubuhi moja katika sehemu 3. Ya kwanza hukuonyesha jua linachomoza upande gani na ni mwamba upi unaobaki juu ya maji. Saa ya maji kupwa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, na wakati wa bamvua, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hutoka mbali zaidi na kufichua miamba isiyoonekana siku za maji mafu, yanapopwa kidogo tu. Kukiwa na mawingu mazito, nenda msituni. Filta ya polaraiza huondoa mng'ao juu ya majani na mawe yaliyolowa, na kwa kuwa hula stopu 1 hadi 2, mara nyingi hutahitaji filta nyeusi.

Betri za akiba za lithiamu zikae kwenye begi la mkononi ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa. Haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda kwenye joto lenye unyevu, funga kamera ndani ya mfuko wa plastiki ungali chumbani, na usiufungue kwa dakika 30 hadi 60. Mvuke utageuka matone juu ya mfuko badala ya kwenye lenzi. Baada ya ufukwe, pangusa kamera kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu, na suuza miguu ya tripodi siku hiyohiyo kabla chumvi haijakauka kwenye viungo.