Trela ya kambi inayumba: pima uzito wa mbele kwanza

Salamu ndugu. Umesema trela mliyojenga na shemeji zako inatulia mitaani Malindi, ila mkishika barabara ya Mombasa na kuongeza mwendo, inaanza kupiga mkia. Usimlaumu aliyechomelea bado.

Pakia kila kitu kama siku ya safari. Iegeshe mahali tambarare, uweke mizani ya kujipimia watu chini ya mkono wa trela, na gogo juu yake lifikie urefu wa ndoano ya gari. Isome. Inatakiwa iwe asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Trela ya kilo 400 itoe kilo 40 hadi 60. Ikipungua, mzigo umekaa nyuma mno, na ndio unaoifanya ipige mkia.

Mchawi huwa ni jiko na maji. Lita 40 za maji ni kilo 40, na kila mtu hupenda kuzitundika kule nyuma! Sogeza tangi mbele ya ekseli (mhimili wa magurudumu), upime tena. Ikigoma, ndipo ekseli irudishwe nyuma kidogo. Upepo wa matairi nao uangalie.

Umegusia pia plaiwudi kuvimba. Mjomba wangu, fundi wa mashua, alipaka epoksi, ile gundi ngumu isiyopitisha maji, kwenye kingo zote za trela yetu, kisha akachovya kijiti na kukizungusha ndani ya kila tundu la skrubu. Tulimcheka. Mpaka leo hakuna ubao uliofumuka, na chumvi ya huku mnaijua.

Ya namba na usajili waulize NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani ya Kenya, kabla ya kupiga rangi.