Swali la Lugha: Hisia Hurekebishwa, Huboreshwa au Hubadilishwa?

Swali: Ninaandika makala kuhusu maadili ya kutumia bioteknolojia kugusa hisia za binadamu. Mimi nimeandika "kurekebisha hisia", lakini mhariri anataka "kuboresha hisia". Ni nani kati yetu aliye sahihi?

Jibu: Kisarufi nyote mko sahihi, ila kila kimoja cha vitenzi hivyo hutoa hukumu kabla hoja haijaanza. Kinachorekebishwa ni kile chenye hitilafu. Ukisema hisia za mtu zinarekebishwa, umekwisha kumwambia msomaji kwamba zina kasoro, hata kama mhusika ni mjane anayemlilia mumewe. Kuboresha nako hudai kwamba hali ijayo ni bora kuliko iliyopo, na hilo ndilo hasa linalobishaniwa. Katika makala ya mjadala ningetumia "kubadili hisia", na "kutibu" ningekiweka akiba kwa ajili ya ugonjwa uliothibitishwa. Dawa iitwayo fluoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1987, hutibu sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Ikimezwa na mtu mwenye afya anayetaka tu kuchangamka zaidi kazini, haitibu kitu.

Linalonishughulisha zaidi, hata hivyo, ni viambishi, yaani vipande vinavyoongezwa kwenye mzizi wa kitenzi, kwa kuwa humo ndimo Kiswahili hueleza nani ametenda na nani ametendwa. Mwaka 1999 madaktari wa Paris waliripoti kisa cha mwanamke wa miaka 65, mgonjwa wa Parkinson (maradhi ya ubongo yanayoleta mtetemeko na ukakamavu wa mwili), aliyepandikizwa elektrodi, yaani nyaya ndogo za kupitisha umeme, ubongoni ili kupunguziwa dalili za ugonjwa huo. Umeme ulipopitishwa katika sehemu moja mahususi, alianza kulia na kusema hataki tena kuishi, ingawa hakuwa na historia ya sonona. Ulipozimwa, huzuni ile ilitoweka katika muda usiofika dakika mbili. Je, mwanamke huyu alihuzunika au alihuzunishwa? "Alihuzunika" humpa msomaji picha ya huzuni iliyochipuka ndani yake, kana kwamba alikuwa na jambo la kuhuzunikia, na hakuwa nalo. "Alihuzunishwa" hukiri mkono wa nje, hata kama mkono huo haukukusudia.

Hapo uangalifu unahitajika tena, maana "alihuzunishwa na umeme" huufanya umeme kuwa mtenda, na daktari akatoweka kwenye sentensi. Andika "alihuzunishwa kwa umeme": "kwa" hutaja chombo, na nafasi ya mtenda hubaki wazi, ikidai kujazwa. Magazeti yanayoandika kwamba mtu "ametulizwa na dawa" hulikwepa swali la nani aliyeitoa dawa hiyo, na kwa idhini ya nani; nami naona huo ni upungufu wa kimaadili, si wa mtindo tu.

Tenganisha pia "ameridhia" na "ameridhishwa". Azimio la UNESCO la mwaka 2005 kuhusu bioetiki (maadili ya tiba na sayansi za uhai) na haki za binadamu hutaka ridhaa itolewe mapema, kwa hiari na baada ya maelezo ya kutosha. Neno "mapema" lina uzito wa pekee katika suala la hisia, kwa sababu mtu aliyekwisha kutiwa furaha kwa dawa, akiulizwa kama anaikubali, atajibu kwa moyo ambao dawa yenyewe imeutengeneza. Huyo ameridhishwa; kama aliridhia, ni lazima makala yako ionyeshe ni lini.