Mwanza kwa pikipiki, watu wawili: anayekaa nyuma apange siku

Mimi ndiye ninayekaa nyuma. Mume wangu anaendesha, na jioni ukimwuliza ameona nini njiani atakutajia matuta, malori na ng'ombe waliokatiza barabara. Safari yenyewe naiona mimi. Ndiyo maana wenzi wanaotuuliza kuhusu Mwanza huwa nawaambia hivi: njia aipange dereva, lakini siku ya mjini mwachieni abiria wake.

Kama mnatokea upande wa Geita, fikeni Busisi asubuhi. Tangu Daraja la J.P. Magufuli, linalovuka Ziwa Victoria kutoka Busisi hadi Kigongo, lizinduliwe tarehe 19 Juni 2025, habari ya kusubiri kivuko imekwisha. Zamani mlango ule wa ziwa ungeweza kuwala nusu siku, mkishindana na mabasi na malori kwenye foleni. Sasa ni kilomita 3 za lami juu ya maji, mnavuka kwa dakika chache tu.

Msijisahau kwa kuwa barabara ni nzuri, maana pale juu hakuna mti wala nyumba ya kukinga upepo, na ukivuma kutoka ubavuni, pikipiki ya cc 150 iliyobeba watu wawili na mizigo inayumba. Dereva apunguze mwendo. Mzigo ufungwe usitanuke pembeni, zipu za makoti zivutwe hadi juu, na wewe wa nyuma msogelee mwenzio na utulie. Simu ibaki mfukoni. Daraja linaonekana vizuri zaidi mkishafika Kigongo na kuegesha nje ya barabara. Hapo pigeni picha mpaka mchoke.

Kuanzia Usagara mtapita Buhongwa, Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni, na kadiri mnavyokaribia mji ndivyo daladala na bodaboda zinavyoongezeka. Msishindane na bodaboda wa Mwanza. Wao wako kazini, nyinyi mko matembezini.

Mkifika mjini, tafuteni nyumba ya wageni yenye geti na mlinzi, ingizeni pikipiki ndani, kisha muiache. Hapa ndipo mimi na mume wangu hubishana, kwa sababu yeye angependa kwenda nayo hata dukani. Lakini katikati ya Mwanza si pakubwa. Soko Kuu jipya la ghorofa, Barabara ya Nyerere na Kamanga panapotia nanga vivuko, kote mnafika kwa miguu, na kutembea na koti zito na helmeti mkononi kwenye jua lile ni adhabu.

Watu wanausifu mji kwa majengo mapya, soko, stendi ya Nyegezi na daraja, na wana haki. Mimi moyo wangu uko kwenye mawe. Tazameni milima ya Igogo na Mabatini: nyumba zimekaa juu ya mawe, chini ya mawe, katikati ya mawe, na mtu anapanda na ndoo kichwani kama anayetembea sebuleni kwake.

Muda mrefu wa siku utumieni Saanane. Ni kisiwa kidogo, hakifiki kilomita 3 za mraba, ila ni hifadhi ya taifa tangu 2013, na boti inaondokea Capri Point. Mtawaona swala, pimbi wakiota jua, na mijusi yenye vichwa vyekundu. Kilele chake ni mawe matupu, kwa hiyo vaeni viatu vinavyoshika, na buti za pikipiki zenye soli ngumu hazifai. Bebeni maji. Simu iwe na pesa za kutosha za kulipia, maana hifadhi zetu hazipendi noti mkononi.

Chakula cha mchana ni sato, hilo halina mjadala. Mchagueni angali mzima, kabla hajakatwa, na muulize bei kabla hajaingia kwenye mafuta. Mwenye tumbo la kuvumilia harufu apite pia soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, aone dagaa na sangara wakavu wakifungwa kwenye viroba, vingine vikielekea Kongo.

Jiwe la Bismarck liacheni la jioni, kwa kuwa jua linazama upande wa ziwa. Liko karibu na Kamanga, kwa hiyo hata mkichelewa mezani mtaliwahi.

Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, aliyoyaanzisha Padri David Clement kutoka Kanada, msiyabanze kwenye siku hiyohiyo. Yapo upande wa barabara ya Musoma, kiasi cha kilomita 20 kutoka mjini, na yana ngoma na vitu vya watemi vinavyohitaji mtu asiye na haraka. Mnaoendelea Musoma au Serengeti, yapitieni kesho yake asubuhi mkiwa mmeshafunga mizigo. Dereva akilalamika kwamba mnasimama mapema mno, mwambieni ni amri ya wa nyuma.