Kokteli ya nazi bila kununua tui la kopo

Dada, umeuliza utawaandalia nini wageni sita hapo Shangani, Mtwara, maana piña colada uliyojaribu, ile kokteli ya ramu, nanasi na nazi, ilitoka na vipande vya mafuta juu kama mchuzi uliolala. Kosa si lako, ni barafu. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24 hivi, na tui la kukuna halina sukari nzito kama ile krimu ya nazi ya kopo wanayotumia Puerto Rico, kilikotoka kinywaji hiki.

Kamua tui zito, la kwanza tu. Lipashe moto na sukari, likoroge mpaka iyeyuke, usiliache lichemke, kisha lipoe. Kwa glasi moja: tui vijiko vitatu vya chakula, nanasi bivu kikombe kimoja, ndimu nusu. Saga kwanza, barafu iwe ya mwisho, na wanywe papo hapo.

Ramu mililita 50 mimina kwenye glasi ya anayetaka, usiitie kwenye blenda. Wasiokunywa pombe watakunywa kinywaji kilekile. Konyagi nayo inakubali, ila ongeza ndimu. Madafu usichanganye humu, yanazimua tu. Yanywe yenyewe asubuhi, ufukweni Msimbati.