Vinundu vya maharage vinapozeeka

SWALI: Mhariri, maharage yangu yalipochanua, vinundu vya mizizini vilikuwa vyekundu ndani, sasa maganda yanajaa, navyo vimegeuka kijani. Je, bakteria wake wamekufa? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Ndugu msomaji, wekundu ule ni wa leghemoglobini, protini ya jamii moja na ile ya damu yetu, ambayo hudhibiti oksijeni isije ikaharibu nitrojenasi, yaani kimeng'enya ambacho bakteria hukitumia kugeuza naitrojeni ya hewani kuwa amonia. Maganda yanapojaa, mbegu huvuta sukari nyingi, leghemoglobini huvunjika na kuacha rangi ya kijani, na unasaji wa naitrojeni hupungua hadi kukoma, huku mmea ukiwameng'enya bakteria wengi ili urejeshe virutubisho vyao.

Hata hivyo, si wote wanaokufa. Katika maharage, kama ilivyo kwa soya, bakteria wa ndani ya kinundu hawapotezi uwezo wa kugawanyika. Hujiwekea akiba ya kaboni, na kinundu kinapooza baadhi yao hurudi udongoni kuishi huru. Njegere ni kali zaidi (na kwa maoni yangu, ndiyo yenye kustaajabisha): huwalazimisha bakteria wavimbe na kurudufisha DNA yao bila kugawanyika, hivyo waliofikia hatua hiyo hawazaliani tena, na wanaonusurika ni wale ambao hawajabadilika.

Kama vinundu vyako vingekuwa kijani kabla ya maua, ningekuwa na wasiwasi. Kwa wakati huu sina.